Togwa ya Mume Wangu na Kaka Yake

Mume wangu alianza kukataa ugali msimu wa kuchuma kahawa. Hakusema kwamba anaumwa. Alikuwa anakaa nasi, anamega tonge, analizungusha kwenye mchuzi wa maharage mpaka linalegea, halafu analiacha pembeni ya sahani. Nilidhani ni uchovu. Shamba letu pale Matiri liko kwenye mteremko, na mtu wa umri wake akipanda na debe la kahawa begani, jioni hana hamu ya chakula. Siku zikaenda. Choo nacho kikawa kazi. Anakwenda, anakaa huko mpaka naita, anarudi akisema bado. Tumbo likajaa, likawa linang'aa kama la mwanamke anayekaribia kujifungua, na maumivu yakawa yanakuja na kuondoka, yanakuja na kuondoka. Nimezaa, maumivu ya namna hiyo nayajua. Jirani alituletea mizizi ya kuendesha. Haikuendesha kitu, ilimsokota tu.

Binti yangu ndiye aliyeniambia niandike. Yeye ni mwalimu pale Mbinga mjini. Mimi shule niliishia darasa la nne na mwandiko wangu unapanda na kushuka, lakini kichwa kinashika. Kila niliyelala naye sakafuni katika wodi aliyolazwa mume wangu namkumbuka kwa jina, na jina la kijiji chake, na jina la mgonjwa aliyekuwa akimuuguza. Sitayaandika. Wengine hawapo, na waliopo hawakuniruhusu.

Kabla ya hospitali lazima nieleze habari ya kaka yake, maana bila hiyo mengine hayaeleweki.

Mume wangu alikuwa mtu wa ziwani, Mnyasa wa Lituhi. Alikuja kwetu mlimani akiwa kijana kuezeka paa la shule, akanioa, akabaki. Ndugu zake walimtania kwamba yeye ndiye aliyeolewa. Kaka yake mkubwa alikuwa hodari wa utani huo. Sisi Wamatengo tunalima kwa kuchimba mashimo, tunaita ngolo, mteremko mzima unakuwa mashimo matupu ili mvua isichukue udongo. Basi shemeji yangu akija husimama juu ya shamba, anatazama chini, ananiuliza, shemeji, makaburi yote haya mmemchimbia nani? Namjibu kwamba moja ni lake, achague mapema. Tulikuwa tunacheka.

Kucheka kulikwisha mama yao alipofariki. Alikuwa amekuja kukaa kwetu kwa sababu ya kifua, na akafia kwetu, katikati ya masika, barabara ya kushukia ziwani imekatika. Mwili haukuweza kusubiri. Tukamzika Matiri. Shemeji alipofika alikuta kaburi limeshafunikwa na maua yamelowa. Akasimama pale na matope yamemfika magotini. Alisema mama yake amelazwa kwenye baridi ya watu wengine, kisha akarudi alikotoka bila kuingia ndani. Toka siku hiyo hakula nyumbani kwetu na mume wangu hakula kwake. Wakikutana stendi ya Mbinga wanasalimiana vizuri, kila mmoja anauliza habari za watoto wa mwenzake, basi.

Kwao, katika ukoo ule wa mume wangu, ndugu waliogombana kwa jambo la msiba hawapatanishwi kwa maneno. Hawasemi nisamehe. Mkubwa analeta kitoweo, mke wa mdogo anapika, wanakula sahani moja mpaka inakwisha. Wakishakula, yamekwisha, na hakuna anayeruhusiwa kuyataja tena. Wasipokula, na mmoja akafa, yule aliyebaki hasogei kaburini. Anasimama barabarani na wapita njia, anatazama wengine wakitupa udongo. Udongo wa kwanza ni wa kaka mkubwa, na mahali pake hapajazwi na mtu mwingine. Mume wangu alikuwa amemwona baba yake mdogo akizikwa hivyo. Alinisimulia mara nyingi. Kilichomtisha katika ugonjwa ule hakikuwa kufa. Ni hicho.

Shemeji aliposikia kwamba mdogo wake anaumwa alikuja. Nilikuwa naanika kahawa nikamwona anashuka kwenye bodaboda na mbasa wawili wakubwa, amewafunga kwa kamba ya mgomba, na unga wa muhogo kwenye kifuko. Nikaelewa. Nilimsalimu, nikapokea wale samaki kwa mikono miwili, nikaingia jikoni bila kuuliza kitu. Unga wetu wa mahindi aliukataa. Alisema ugali wa mlimani hauwezi kubeba samaki wa ziwani, unaogopa maji. Nilikuwa sijasikia utani wake miaka mingi.

Wakala. Mume wangu, ambaye wiki hiyo yote alikuwa anaishi kwa uji, alikula tonge kwa tonge na kaka yake. Nilimtazama kutoka mlangoni. Jasho lilikuwa linamtoka puani lakini hakuacha kula. Wakasafisha sahani. Nikainuka kuleta maji ya kunawa, na kabla sijafika aliinama, na vyote vikarudi. Ugali na samaki vilikuwa vilevile kama vilivyoingia. Nyuma yake yakaja maji ya kijani yenye harufu ya chooni. Yalimwagika kwenye mkeka na kwenye miguu ya shemeji.

Shemeji akasimama. Nilimwambia kwamba ni ugonjwa. Akasema ameona. Alinawa miguu nje kwenye bomba, akachukua koti lake. Binti yangu alikuwa amekuja kumtazama baba yake, akamfuata mpaka njiani akimweleza habari za tumbo, na yeye akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Mwanangu, chakula cha ndugu kikirudi, ni moyo umekirudisha. Tumbo linatumwa tu."

Mume wangu alikuwa amelala ubavu. Aliuliza kama kaka yake ameondoka. Nikasema ameondoka.

"Basi atasimama barabarani," akasema.

Nilifua ule mkeka. Nakumbuka nilikuwa nawaza sabuni, kwamba kipande kilichobaki hakitatosha.

Baada ya siku ile hakuacha kutapika. Alitapika hata mate yake. Tukampeleka hospitali ya Mbinga, na wao wakatuandikia kwenda hospitali kubwa, na huko wakampitisha mpira puani mpaka tumboni. Mpira ule ulivuta maji mchana wote, ndoo ikabadilishwa, tumbo likanywea kama mpira wa miguu uliotobolewa. Alilala usingizi ambao sikuwa nimeuona tangu msimu wa kahawa. Niliketi chini karibu na miguu yake. Watu wa wodini waliniuliza maswali, nikawajibu. Nilipika uji jikoni kwa wauguzaji, nikaunywa mwenyewe.

Walimpasua. Walitoka mapema mno. Mama niliyekuwa nimeketi naye kwenye benchi, aliyekuwa amesubiri operesheni ya mwanawe kwa saa nyingi, alinitazama halafu akatazama pembeni.

Daktari alikuwa kijana, ametoka mikoa ya mbali, Kiswahili chake cha pwani. Alituita kwenye chumba kidogo, mimi na binti yangu. Alisema ni saratani, imeanzia kwenye utumbo mpana na imetapakaa, utumbo umeshikana huku na huku. Ingekuwa pameziba mahali pamoja wangetoboa njia ubavuni, choo kikatokea kwenye mfuko, na mtu anaishi hivyo na anakula. Lakini pameziba pengi. Kwa hiyo wamefungua, wameona, wamefunga. Ila kabla ya kufunga wameweka mrija kutoka mfuko wa chakula mpaka nje ya ngozi, ili kinachojaa kitoke chenyewe na mzee asiteswe na kutapika, na ule mpira wa puani wautoe.

Binti yangu alilia. Mimi nilimuuliza daktari kama ataweza kula ugali.

"Hapana, mama," akasema. "Ugali hapana tena."

Nikasema ndiyo. Kisha nikamuuliza kama mashuka ya mgonjwa wanafua wao au nifue mimi. Alinitazama kidogo. Akasema wanafua wao.

Watu waliniambia baadaye kwamba nilikuwa na moyo mgumu. Sijui nilikuwa na moyo gani. Ilikuwa kama mkono ulioulalia, unauona ni wako, unaugusa, lakini hausikii.

Kesho yake alikuja muuguzi, mwanamke wa makamo, Mwislamu, naye ametoka mikoa mingine kwa kazi ya serikali. Alisema yeye ni wa tiba shufaa. Neno hilo sikuwahi kulisikia kanisani wala sokoni. Akaeleza kwamba dawa zake haziondoi ugonjwa na hazimwahishi mtu kufa, kazi yake ni mgonjwa asiteseke kwa muda alio nao. Akanikalisha akanifundisha. Mrija unaingia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ukijaa nusu unamwaga. Mrija ukiziba unausafisha kwa bomba la sindano na maji ya uvuguvugu, polepole, bila kulazimisha. Pale unapotokea kwenye ngozi unasafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Kuna kibanio cha kuufunga na kuufungua. Dawa za kumeza hazimfai tena kwa sababu hazifiki zinakotakiwa, kwa hiyo alimwekea sindano ndogo chini ya ngozi ya kifua, yenye mabawa, wanaiita kipepeo, akabandika plasta juu. Dawa ya maumivu inapita humo, na nyingine ya kukausha maji ya tumbo, bila kumchoma kila mara. Alinifanya nirudie yote mbele yake. Nilirudia, na mikono yangu haikutetemeka. Alinisifu.

Mume wangu alikuwa anatusikiliza. Akamuuliza yule muuguzi kama kuna kitu chochote anachoweza kula. Muuguzi akasema kitu chembamba, kinachopita kwenye chujio la chai. Chai, supu iliyochujwa, juisi.

"Lakini nikueleze ukweli, babu," akasema. "Kitaingia mdomoni na kitatokea kwenye mrija. Utakunywa kwa ajili ya mdomo. Hakitakujenga."

"Na ukifungwa huu mrija?"

"Ukiufunga kitakaa. Si muda mrefu. Tumbo litajaa, utaumwa, na utatapika kama mwanzo. Ukianza tu kusikia kichefuchefu, fungua."

Mume wangu akakitazama kibanio. Nilikuwa nimeishi naye muda mrefu, nilijua anapanga kitu. Mchana huo akaniambia anataka kwenda Lituhi.

Daktari hakukataa. Muuguzi alipiga simu zahanati ya huko, akapata mwenzake wa kuendelea na zile sindano. Binti yangu akampigia simu baba yake mkubwa, akatumia adabu zote, shikamoo ya kwanza na ya pili. Shemeji alimwambia ardhi ni ya baba yao, mtoto wa nyumba haombi kurudi. Habari ya kula hakuitaja.

Tulikodi gari aina ya Noah. Barabara ile inapitiwa na malori ya makaa ya mawe, vumbi lake jeusi linaingia hata vioo vikifungwa. Mume wangu aliketi na mfuko wake mapajani, ameufunika kwa khanga yangu, na kila gari liliporuka alikuwa anaushika kwa mikono miwili kama mtu anayesafiri na mayai. Baridi ikatuacha, joto likaanza, kisha ikaja harufu ya usipa, dagaa wa ziwani, wanaokauka juani kwenye vichanja. Akainua kichwa. Alisema usipa wa mwaka huo ni wengi. Nami nikasema naona.

Walitupa chumba cha marehemu baba yao, katika nyumba ya zamani iliyo karibu na ya shemeji. Shemeji alimsalimu mdogo wake mlangoni, akasaidia kumshika, akaleta kitanda chenye godoro zuri. Kisha akaenda kwake. Jioni akaja kuuliza hali, akasimama. Kesho yake hivyohivyo, akasimama. Kiti kilikuwepo.

Niliona kwamba nikingoja wanaume hawa waanze wenyewe, mmoja atakufa. Nikamfuata shemeji alipokuwa anashona wavu nyuma ya nyumba, nikakaa chini. Nilimweleza kwamba mdogo wake hakuja Lituhi kutafuta joto. Anataka kula naye tena. Ugali hawezi, daktari ameukataa, na samaki hawezi. Nitatengeneza togwa.

Aliendelea na wavu wake.

"Togwa ni chakula?" akauliza.

"Kwetu mtu akinywa togwa anasema amekula."

"Kwenu mlimani hata maji mnayaita mboga."

Nikainuka nikaenda zangu. Mchana alimtuma mke wake kuniletea kimea cha ulezi kwenye ungo. Kitoweo kilikuwa kimeletwa na mkubwa.

Nilipika uji mwepesi wa mahindi, nikauacha upoe, nikatia kimea, nikafunika mpaka kesho yake ulipochangamka. Nikachuja kwa kitambaa safi. Nikachuja tena, na tena, mpaka kikabaki kitu kama maji ya maziwa. Binti yangu akasema mama, hiyo si togwa tena. Nikamwambia mrija ukiziba atauzibua nani?

Shemeji alipokuwa anakuja, nilimsikia akikohoa uani, mume wangu akaniambia, "Funga."

Nilijifanya sikuelewa. Akashika kibanio mwenyewe lakini vidole havikuwa na nguvu. Nikamkumbusha aliyoyasema muuguzi.

"Nimeyasikia yote. Funga, na usifungue mpaka atoke."

Nikafunga. Nikamvutia shuka mpaka kifuani.

Shemeji aliingia, na mara hii aliketi. Nilimimina togwa kwenye kikombe kimoja kikubwa cha bati. Akanywa yeye, akampa mdogo wake. Mume wangu akanywa, akarudisha. Wakanywa hivyo, kikombe kinakwenda na kurudi. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Kikombe kilipofika karibu na nusu, shemeji alianza kuzungumza. Alianza na mitumbwi, ni ya nani imeuzwa na ni ya nani imeoza. Akaja kwenye paa la nyumba ile, kwamba mume wangu ndiye aliyeliezeka akiwa bado hajaota ndevu, na mpaka leo halivuji. Akaja kwa mama yao. Alisema mama alivyokuwa anawafukuza kwa mwiko. Mume wangu akacheka, na nikaona kucheka kule kumemuuma.

Nilidhani shemeji atakunywa na kuondoka. Kumbe mtu aliyenyamaza miaka mingi akianza kusema hana haraka. Alikuwa anasimulia, amekunja miguu, ametulia kabisa. Mimi natazama shuka. Mkono wa mume wangu ulikuwa umelikamata pembeni na unalisokota. Tumbo lilikuwa linapanda. Nilimwona akimeza mate, akameza tena. Nilimtazama machoni, akatikisa kichwa kidogo sana, mimi tu nikaona. Binti akapiga hatua, nikamnyooshea kiganja asimame.

Shemeji akakatiza habari yake.

"Una nini?"

"Sina kitu," mume wangu akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka masikioni.

Shemeji akanigeukia. "Shemeji."

Nikamwambia. Sikuchagua maneno. Nilimwambia kwamba hapa chini kuna mrija, kila anachokunywa hutokea hapo kwa sababu njia ya chini imeziba, na kwamba ameniambia niufunge ili kisitoke mbele yake. Nikafunua shuka. Alikitazama kile kibanio kwa muda. Hakina tofauti kubwa na vya kubania nguo.

"Ameifungia ndani," akasema.

"Ndiyo."

"Isirudi."

"Ndiyo."

Mume wangu akasema, pumzi inakatika, "Kaka, maliza maneno yako. Mimi bado naweza."

Shemeji alikaa, mikono juu ya magoti. Sijui alikuwa anawaza nini, na sikuwa na nguvu ya kuhofu. Nilikuwa nahesabu tu namna nitakavyoshika beseni.

"Fungua, shemeji," akasema.

Mume wangu akasema asifungue mtu.

"Fungua. Nimemwona akimeza. Kazi yangu ni koo, ya huko chini ni ya madaktari."

Nikafungua. Togwa ikaja, nyeupe kwanza, kisha na ule ukijani, ikajaza mfuko haraka mpaka ukawa unavuta ngozi yake. Shemeji alinyoosha mkono akaubeba kwa chini, kama unavyobeba kichwa cha mtoto mchanga. Uso wa mume wangu ukaanza kulegea. Tumbo likashuka. Hakutapika. Akafumba macho, machozi yakawa yanamtoka bila kulia, na kaka yake akawa anatazama mfuko, hamtazami yeye.

Ulipoacha kujaa akaniuliza unamwagwa wapi. Nikamwambia chooni, ndivyo tulivyofundishwa.

Alisema chakula cha ndugu hakimwagwi chooni. Aliniomba nimtolee kwenye chombo, nikamimina kwenye beseni dogo. Akalichukua, akachukua jembe, akatoka. Nilimwona dirishani. Alichimba shimo karibu na ukuta, upande walikozikwa baba yao na wazee wengine, akamimina, akafukia, akakanyaga kwa mguu mpaka ardhi ikawa sawa. Alisimama hapo kidogo. Akarudi, akanawa, akaketi, akachukua kikombe kilichokuwa kimebaki na togwa ya chini, akamalizia yote. Kisha akaendelea na habari ya mama yao pale alipoishia.

Mume wangu akalala katikati ya maneno. Shemeji aliendelea mpaka mwisho, akinisimulia mimi.

Baada ya hapo alikuja kila siku, na mrija ulikuwa wazi. Wanakunywa, chai au togwa au maji ya dafu, mmoja kinamkaa na mwingine kinapita. Shemeji akawa anamwita bomba la kijiji, akasema serikali ingemjua ingemfungia mita. Mume wangu alikuwa anacheka ameshika mshono kwa kiganja. Mimi namwaga, nasafisha mrija, nafuta ngozi kwa maji ya chumvi. Muuguzi wa zahanati anakuja na sindano zake, anapitisha dawa kwenye kipepeo, anasalimia, anaondoka. Akawa anaongeza dawa kidogokidogo kadiri maumivu yalivyopanda. Watu wa hospitali kubwa walipiga simu kuuliza kama anatapika. Niliwaambia hapana. Wakauliza kama analala. Nikasema analala. Waliridhika, nami nilijua ni ukweli, ila nilikuwa naongea kama mtu anayejibu habari za nyumba ya jirani.

Akawa hataki tena kunywa. Nilikuwa namlowesha midomo kwa pamba. Shemeji alikuwa anakunywa peke yake kando ya kitanda na kumwambia alichokunywa.

Alifariki asubuhi, jua limeshatoka, mrija uko wazi na mfuko hauna kitu. Niliufunga kwa mazoea. Binti yangu akaniambia, mama, acha. Wanawake wa ziwani walikuja, wakaanza kilio, na nikasikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba Wamatengo machozi yao yameganda kwa baridi. Mke wa shemeji akamkaripia. Mimi sikuudhika. Nilitamani angekuwa amesema kweli, maana kilichoganda kinaweza kuyeyuka.

Walimzika pale kwa baba yake. Padri alimaliza sala zake, jeneza likashushwa, watu wakatulia, na nikaona wazee wakigeuza shingo kutazama barabarani. Huko hapakuwa na mtu. Shemeji alikuwa mbele yao, ukingoni kabisa, viatu amevua. Alichota udongo kwa mkono akautupa, ukagonga mbao. Kisha akarudi nyuma hatua kidogo ili nami nipite, akanishika kiwiko kwa sababu pale ukingoni palikuwa na mchanga unaoteleza. Nikachota wangu. Ulikuwa wa moto kwa jua. Nikautupa.